Kitendawili cha ndiyo au hapana: mnyama wa kiongozi (maswali 12, Kigoma na Tabora)

#1 MzeeWaMiembe (Tabora)

Kitendawili!

Nimemficha mnyama mmoja wa kiongozi wa siasa. Ni mnyama wa kweli, ana jina lake, na habari zake zimeandikwa. Masharti nayaweka mapema tusije tukatoana macho baadaye.

Maswali ni 12 kwa jukwaa zima, siyo 12 kwa kila mtu. Jibu langu litakuwa ndiyo, hapana, au "rudia" pale swali lisipojibika, na rudia haihesabiwi. Kutaja jina la mnyama nako ni swali, kunakula nafasi. Kiongozi ni mfalme, kaizari, rais au waziri mkuu, na mnyama aliyepewa mke au mtoto wa kiongozi namhesabu kuwa wa kiongozi huyo. Jibu nimeshamtumia msimamizi kwa ujumbe wa faragha pamoja na mwaka na mahali, kwa hiyo siwezi kumbadilisha mnyama mkishanikaribia.

Mkishindwa mnanipa mji, na Ujiji peke yake hautoshi.

#2 Mgebuka_Mkavu (Kigoma)

Tega!

Swali la 1: ni mbwa?

#3 MzeeWaMiembe

Hapana. (1)

#4 Reli_ya_Kati (Kigoma)

Kabla hamjaanza kumsema Mgebuka kwamba kapoteza swali: hajapoteza. Andika majina ya wanyama wa viongozi unaowakumbuka, uone. Fala wa Franklin Roosevelt, Checkers wa Nixon, Millie wa Bush mkubwa, Barney wa Bush mdogo, Bo na Sunny wa Obama, Konni wa Putin, Pushinka aliyepelekwa kwa akina Kennedy, msururu wa mbwa wafupi wa Malkia Elizabeth. Unafika jina la 20, na zaidi ya nusu ni mbwa. Swali linalogawa orodha karibu katikati ndilo swali zuri, jibu lolote litakaloanguka.

Hesabu yenyewe ni fupi. Swali moja likikata katikati, majina 2 yanatenganishwa. Maswali 6 yanamaliza majina 64, maswali 10 majina 1,024, na haya 12 ya Mzee yanatosha majina 4,096. Sidhani kama kuna mtu humu ana majina 4,096 ya wanyama wa ikulu kichwani, kwa hiyo nafasi tunazo za kutosha. Kinachoua watu kwenye mchezo huu ni kuanza na "Ni Bo?" Ukiambiwa hapana umemtoa mnyama mmoja, na orodha iko pale pale.

Chukueni karatasi, mpige mistari ya safu sita: jina, aina ya mnyama, kiongozi, mwaka aliopokelewa, mwaka aliokufa, mahali alipoishi. Mahali hapo ndipo watu hujikwaa, msiiache safu hiyo.

#5 Mama_Mawese (Ujiji)

Swali la 2: alizaliwa Afrika?

#6 MzeeWaMiembe

Ndiyo. (2)

#7 AsaliMbichi (Tabora)

Kwisha habari! Haile Selassie huyo. Kambwa kake kadogo Lulu kameshatoka kwa swali la 1, wamebaki simba wake wa Addis Ababa. Naweka muhuri tu.

Swali la 3: kiongozi alikuwa mfalme au kaizari?

#8 MzeeWaMiembe

Hapana. (3)

#9 Gungu_Kwetu (Kigoma)

Asali, muhuri wako umekauka kabla ya kugonga. Swali la 4: kiongozi alitawala nchi ya Afrika?

#10 MzeeWaMiembe

Hapana. (4)

#11 AsaliMbichi

Mzee wangu, shikamoo, lakini hapa unatuchezea. Kazaliwa Afrika, ni kiongozi, hakutawala nchi ya Afrika. Huyo ni nani sasa? Meya?

#12 Reli_ya_Kati

Mzee hajadanganya. Rudini mkasome swali la 2 kama lilivyoandikwa: "alizaliwa Afrika?" Nani alizaliwa? Kwenye Kiswahili mnyama na mtu wote wanabebwa na "a-" ile ile. Kiboko alizaliwa, rais alizaliwa, bibi alizaliwa. Hakuna kiambishi kitakachokuambia ni yupi, tena hata jike na dume havionekani. Mama Mawese aliuliza akiwa na mnyama kichwani, Asali akalisoma jibu akiwa na kiongozi kichwani.

Kwa hiyo sheria ya kwanza ya kitendawili cha aina hii ni kutaja mwenye tendo: "mnyama huyo alizaliwa", "kiongozi huyo alizaliwa". Neno moja tu la ziada.

Na kiongozi naye anaweza kuwa wawili. Chukua Pushinka. Mama yake ni Strelka, yule aliyerushwa angani Agosti 1960 akarudi salama. Khrushchev, kiongozi wa Urusi ya Kisovieti, alimtuma Pushinka kwa Caroline, binti wa Kennedy, mwaka 1961. Ukiuliza "kiongozi alikuwa Mrusi?", aliyetoa au aliyepokea? Hapo mtegaji mwenye haki husema rudia, mtegaji mjanja hujibu halafu akakaa kimya.

#13 MzeeWaMiembe

Mtegaji mjanja ameshikwa shati. Nililichukulia la mnyama kwa sababu kitendawili ni cha mnyama, lakini nilipaswa kusema rudia. Nathibitisha bila kuhesabu: aliyezaliwa Afrika ni mnyama. Na kiongozi wangu ni aliyepokea.

Swali silirudishi.

#14 Mama_Mawese

Sawa Mzee, kosa langu nimelipokea. Sasa tufanye kazi. Mnyama katoka Afrika, kapokelewa na mtawala wa nje ya Afrika asiye mfalme wala kaizari. Swali la 3 la Asali lilikuwa na faida kubwa kuliko anavyodhani, maana limewafagia wanyama wawili ambao mimi ningeanza nao.

Wa kwanza ni twiga wa Malindi, pwani yetu hii hii, aliyefikishwa kwa kaizari Yongle wa China mwaka 1415. Wachina walimfananisha na qilin, mnyama wao wa heri.

Wa pili ni twiga ambaye Muhammad Ali wa Misri alimpelekea Charles wa 10 wa Ufaransa. Alishuka Marseille 1826, na mwaka uliofuata akatembezwa kwa miguu hadi Paris, kuanzia Mei 20 hadi Juni 30. Ni karibu kilomita 880. Tabora hadi Kigoma kwa reli ni kama 400, kwa hiyo piga kwenda na kurudi halafu bado una safari. Aliishi kwenye bustani ya wanyama Paris hadi 1845. Mnaona? Wote wawili ni zawadi na wote wawili wapokeaji walikuwa na taji. Wametoka.

Wamebaki marais na mawaziri wakuu. Swali la 5: kiongozi aliyempokea mnyama alikuwa rais wa Marekani?

#15 MzeeWaMiembe

Ndiyo. (5)

Sasa mnauliza kama watu.

#16 Mgebuka_Mkavu

Swali la 6: hakuwahi kuishi White House?

#17 MzeeWaMiembe

Rudia.

#18 Mgebuka_Mkavu

Sasa hapo kosa liko wapi? Mnyama ametajwa, ndiye aliyebaki wa kuulizwa.

#19 Reli_ya_Kati

Kosa liko kwenye "haku-". Kwetu ukimwuliza mtu "Hujala?" akajibu "Ndiyo", maana yake ndiyo, sijala. Anakubaliana na maneno yako. Lakini yuko mwingine, hasa aliyezoea maswali ya lugha za kigeni, atajibu "Ndiyo" akimaanisha nimekula. Neno moja, maana mbili zinazopingana, na kwenye mchezo wa majibu mawili hilo ni sawa na kurusha shilingi. Maswali ya kukanusha yapigwe marufuku kabisa, hata pale unapoona yanasikika vizuri.

"Au" nayo muitazame. "Ni paka au ndege?" mtu anaweza kujibu "paka", akakupa zaidi ya ulichostahili, au akajibu "ndiyo" ukabaki hujui lolote kuhusu yupi. Ikiwa unataka kundi, sema "yumo kati ya hawa wawili". Swali la 3 la Asali lilikuwa na "au", likapona kwa sababu jibu lilikuwa hapana.

#20 Mgebuka_Mkavu

Nimeelewa mkuu. Swali la 6: mnyama huyo aliwahi kuishi White House?

#21 MzeeWaMiembe

Hapana. (6)

#22 Gungu_Kwetu

Mnyama wa rais lakini hakuishi ikulu. Hilo linawezekana kweli?

#23 Mama_Mawese

Linawezekana sana, na ndiyo mtego unaopendwa kuliko yote. Checkers wa Nixon ni mbwa maarufu kuliko mbwa wengi walioishi White House, na yeye hakuishi. Hotuba iliyompa umaarufu ni ya Septemba 23, 1952, Nixon akiwa mgombea wa umakamu. Checkers alikufa 1964. Nixon alianza urais 1969. Mtu akikuuliza "mbwa wa Nixon aliyeishi ikulu", siyo huyo, ni King Timahoe.

Na upande wa pili wa sarafu yuko Larry, paka wa Downing Street. Anaishi kwenye nyumba ya waziri mkuu wa Uingereza tangu Februari 2011, lakini si mali ya waziri mkuu yeyote. Ni paka wa ofisi. Cameron kaondoka, May kaondoka, Johnson, Truss, Sunak, paka yuko dirishani. Ukiuliza "alihama na bosi wake?" jibu ni hapana, na mtu asiyejua anadhani paka alikufa.

Ndiyo maana Reli alisema safu ya mahali isiachwe.

#24 AsaliMbichi

Swali la 7: ni wa kabla ya 1950?

#25 MzeeWaMiembe

Rudia.

#26 AsaliMbichi

Mzee leo ana rudia nyingi kuliko mwalimu wa hesabu.

#27 Reli_ya_Kati

Yuko sahihi lakini. Mnyama ana tarehe tatu: kuzaliwa, kupokelewa, kufa. Fala alizaliwa 1940, akafa 1952, miaka 7 baada ya Roosevelt mwenyewe. Huyo ni "wa kabla ya 1950" au wa baada? Funga swali la mwaka kwenye tukio moja.

#28 AsaliMbichi

Haya. Swali la 7: mnyama huyo alipokelewa baada ya 1900?

#29 MzeeWaMiembe

Ndiyo. (7)

#30 Reli_ya_Kati

Safari hii swali limenyooka, ila halijakata kitu. Angalia karatasi yako: wanyama wa Afrika waliopelekwa kwa marais wa Marekani karibu wote unaowakumbuka ni wa baada ya 1900. Ulijua jibu kabla ya kuuliza. Ungeweka 1915, ungemtenga Theodore Roosevelt upande mmoja na waliomfuata upande mwingine.

Nadhani 1900 umeiweka ukiwaza wale tembo wa Lincoln. Hao wasiwasumbue. Mfalme wa Siam aliahidi kutuma tembo Marekani, na Lincoln akakataa kwa barua mwaka 1862. Hawakufika, na wangekuwa wa Asia. Yule mamba wa John Quincy Adams anayedaiwa kuwekwa bafuni naye hana ushahidi wa enzi zake. Mtegaji makini hamfichi mnyama wa namna hiyo, kwa sababu nusu ya majibu yatakuwa ya kubuni.

Wangu waliobaki ni hawa: pundamilia ambaye Menelik wa 2 wa Ethiopia alimpelekea Theodore Roosevelt 1904, wana simba wawili ambao Calvin Coolidge alitumiwa kutoka Johannesburg, na mmoja zaidi wa Coolidge, ambaye simtaji, maana kutaja ni swali.

#31 Gungu_Kwetu

Simba wawili si wametoka tayari? Mzee kasema "mnyama mmoja".

#32 Reli_ya_Kati

Huenda kamchagua mmoja kati ya wawili. Usimtoe mtu kwa maneno ya utangulizi, mtoe kwa jibu.

#33 Gungu_Kwetu

Swali la 8: mnyama huyo ni wa jamii inayokula nyama?

#34 MzeeWaMiembe

Hapana. (8)

#35 Mama_Mawese

Simba chali. Imebaki 1904 na yule mwingine, na hapo mwaka ndio utakaotenganisha. Pundamilia aliyepokelewa 1904 hawezi kufika katikati ya karne. Pundamilia akitunzwa vizuri sana anagusa miaka 30 na kitu, si 46.

Swali la 9: mnyama huyo alikuwa hai mwaka 1950?

#36 MzeeWaMiembe

Ndiyo. (9)

Naona mji wangu unaondoka na maji.

#37 Mgebuka_Mkavu

Swali la 10: ni Billy, yule kiboko mdogo wa Coolidge?

#38 MzeeWaMiembe

Ndiyo. (10)

Mmetegua, na maswali mawili yamebaki. Msimamizi anaweza kuweka ujumbe wangu hadharani.

Habari zake kwa kifupi. Billy alikamatwa Liberia. Harvey Firestone, yule wa matairi, alikuwa amepata mkataba wa mashamba ya mpira huko mwaka 1926: hadi ekari milioni 1 kwa miaka 99. Mwaka 1927 akamzawadia Coolidge kiboko huyo. Coolidge hakuwa na bwawa la kumweka, akamkabidhi kwenye bustani ya taifa ya wanyama pale Washington, na huko ndiko aliishi hadi alipokufa 1955. Watoto aliozaa huko ndio chanzo cha viboko wengi wa jamii hiyo waliomo kwenye bustani za wanyama za Marekani.

Na msimfananishe na kiboko wetu wa Malagarasi au Ugalla. Dume la kwetu linapita tani 1.5. Huyu wa Liberia ana kilo 180 hadi 275, umbo la nguruwe mnene kuliko la gari. Macho yamekaa pembeni ya kichwa badala ya juu, vidole vimeachana zaidi, na anaishi msituni kwenye vijito, peke yake au wawili, siyo makundi ya thelathini yakipiga miayo ziwani. Ni jamii nyingine kabisa, kwa hiyo mngeniuliza "ni kiboko kama hawa wetu?" ningesema rudia.

#39 AsaliMbichi

Mimi nakubali tumepata, ila sikubali kitendawili chenyewe. Mnyama aliyekwenda moja kwa moja bustani ya wanyama ni mnyama wa rais kwa lipi? Rais hakumlisha, hakulala naye nyumba moja, hakumfukuza kwenye kochi. Basi kila tausi wa serikali ni wa rais.

#40 MzeeWaMiembe

Alizawadiwa yeye kwa jina lake, na kabla ya kukabidhiwa bustani alikuwa wake. Masharti yangu hayakusema "aliyefugwa nyumbani".

#41 Mama_Mawese

Asali ana hoja nusu. Kwenye chemsha bongo za ana kwa ana neno hilo huleta ugomvi wa kweli. Dawa ni mtegaji aandike mwanzoni moja ya mawili: "mnyama aliyefugwa kwenye makazi ya kiongozi" au "mnyama aliyekabidhiwa kiongozi". La kwanza linamtoa Billy na twiga wa Paris. La pili linamtoa Larry. Mzee aliandika "mnyama wa kiongozi", na hiyo "wa" inabeba mizigo yote miwili.

#42 Reli_ya_Kati

Nimepitia maswali yote nikayapima kwa karatasi yangu. La 1 limekata vizuri. La 2 lilikuwa kali kuliko yote, limeniachia majina yasiyozidi kumi, lakini likatugharimu la 4, ambalo lisingeulizwa kama mnyama angetajwa. La 3 na la 5 zuri, ingawa la 5 lingekuja mapema lingefanya kazi ya la 3 na la 4 kwa pamoja: rais wa Marekani si mfalme na hatawali Afrika. La 6 ni zuri kwa mtu asiyekuwa na orodha. Kwa mwenye orodha halikutoa mtu, maana pundamilia, simba na Billy wote ni wa bustani ya wanyama. La 7 bure. La 8, 9 na 10 safi.

Ukiondoa la 3, 4, 6 na 7, yanabaki sita: mbwa, mnyama kuzaliwa Afrika, rais wa Marekani, mla nyama, hai 1950, jina. Na hilo la mbwa ukishajua la Afrika nalo linapungua uzito.

Swali la akiba mnaloliacha watu wengi ni la kupima. Mtegaji anaweza kukosea bila nia mbaya, na kosa moja mapema linakupeleka porini. Ukiwa na nafasi mbili mkononi, kabla ya kutaja jina, uliza jambo lile lile kwa mlango wa nyuma. Hapa ingekuwa: "mnyama huyo alivuka bahari kufika kwa kiongozi?" Akisema hapana wakati la 2 ni ndiyo na la 5 ni ndiyo, simamisheni mchezo, kuna jibu bovu.

#43 Gungu_Kwetu

Kwa hiyo mji hatoi mtu. Mzee alitaka upi?

#44 MzeeWaMiembe

Kigoma mjini, na bandari yake.

#45 Mama_Mawese

Hukupata hata Mwandiga.

Kitendawili! Maswali 8. Mnyama aliyefugwa kwenye makazi ya kiongozi, kiongozi ni aliyemfuga. Atakayeuliza kwa "a-" bila kusema nani, rudia. Atakayeuliza kwa "haku-", rudia na nafasi moja inaliwa.

#46 AsaliMbichi

Tega! Swali la 1: mnyama huyo ni mbwa?

#47 Mama_Mawese

Hapana. (1)